Silinda ya Tatu

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, na kufikia saa kumi na mbili na nusu yalikuwa bado yanaanguka, membamba, ya kumlowesha mtu bila yeye kujua. Fundi alitandaza turubai juu ya injini ya boti, akaingiza kichwa chini yake, akamwomba Mungu ampe subira ya siku ya saba, kisha akachukua spana.

Boti ile ilivusha wagonjwa kwenda hospitali iliyokuwa ng'ambo ya ziwa. Injini yake ilikuwa na silinda nne, na ya tatu ilikuwa ikipiga inapotaka. Iliweza kunguruma vizuri saa nzima, halafu ikaanza kukohoa katikati ya maji, mgonjwa amelala na dripu mkononi. Fundi alikuwa amebadilisha plagi zote. Alikuwa amehamisha koili ya cheche ya silinda ya tatu kwenda ya kwanza, maana kosa likihama na koili, koili ndiyo mbovu. Kosa halikuhama. Alikuwa amemimina petroli kwenye chupa nyeupe na kuiacha itulie. Haikuwa na maji. Kila jioni aliandika daftarini neno moja: inamisi, yaani silinda inakosa kupiga.

"Siku sita neno hilohilo," alisema nahodha, akichungulia chini ya turubai. "Hebu tuambie, mama, inammisi nani?"

"Inamisi siku ulizokuwa kimya."

Nahodha alicheka, akaenda kutafuta chai. Fundi hakucheka. Mgongo ulikuwa unamuuma, na alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Aliufungua ukurasa wa daftari alipoandika saa ambazo injini ilipiga na ilizomisi, akausoma upya, polepole, kidole kikifuata mistari. Ndipo akaona. Siku zote sita injini ilipiga sawasawa kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi, boti ikiwa imefungwa gatini. Baada ya hapo ilimisi.

Akaenda kwa mlinzi wa geti.

"Saa moja hadi saa mbili huwa kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu," alisema mlinzi. "Ni Taratibu tu. Anakuja kazini, namzuia, anasimama, anachoka, anaondoka."

Taratibu alikuwa mfunga kamba wa boti ile. Jina hilo walimpa abiria, kwa kuwa yeye alimwambia kila aliyepanda, "Taratibu, ndugu, maji hayana ngazi." Alizama mwezi wa Januari. Boti ilikuwa na watu kumi na wanne na jaketi za kuokolea kumi na moja. Alimvalisha mama wa mgonjwa jaketi lake, wimbi likaja. Ofisi iliandika kwenye faili kwamba marehemu hakuvaa jaketi, na chanzo cha kifo ni uzembe wake mwenyewe.

"Mbona unamzuia?"

"Jina lake limekatwa kwenye orodha. Mzembe haingii. Si mimi niliyeandika, dada yangu."

Saa moja Taratibu alifika, maji yakimtiririka kwenye mikono ya shati. Mlinzi alikuwa na fagio tayari kwa ajili ya kidimbwi. Fundi aliwasha injini, ikapiga zote nne. Akamwomba Taratibu arudi nyuma hatua mia moja. Silinda ya tatu ikakata. Akamwita asogee. Ikashika. Alirudia mara tatu, kwa sababu mara moja si ushahidi, na hakubadilisha kitu kingine chochote.

"Samahani kwa kukutembeza," alimwambia.

"Usijali, fundi. Nimezoea kurudishwa."

Meneja aliitwa. Alikuja na mwavuli, na nyuma yake akaja mke wa Taratibu, ambaye kila Jumanne alikuwa ofisini kuomba neno moja lifutwe. Watoto wake walikuwa wanaitwa shuleni watoto wa mzembe. Alipomwona mumewe alimkunjia kola iliyokuwa imesimama, akarudi pembeni.

Fundi alieleza kosa na dawa yake. Meneja alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama hakuna kipuri.

"Hakuna. Ni yeye."

"Basi apande. Apewe kitambulisho cha mgeni."

"Na lile neno?" aliuliza mke.

"Mama, faili limeshapanda makao makuu. Faili likipanda halishuki."

"Huyu anaendesha injini yenu, na bado ni mzembe?"

"Anaendesha kama mgeni," alisema meneja, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia.

Saa mbili wagonjwa na ndugu zao walianza kupanda. Pamoja na nahodha walikuwa kumi na wanne. Fundi alihesabu jaketi kwa sauti: kumi na moja. Alimtazama meneja. Meneja alisema maombi ya jaketi yamewasilishwa, na kwamba mgeni asihesabiwe, kwa kuwa marehemu hahitaji jaketi, jambo ambalo kwa namna fulani lilikuwa nafuu. Mlinzi aliandika: mgeni, mmoja. Injini ilinguruma bila kukosa.

Watatu waliokosa jaketi, mzee mmoja na dada wawili, walibaki wamesimama, hawajui wakae wapi. Mke wa Taratibu alisogea hadi ukingoni mwa gati.

"Baba watoto," alisema, "mbele ya watu hawa niahidi kwamba leo utajiangalia wewe kwanza."

Taratibu alikuwa anafungua kamba. Aliikunja vizuri, akaiweka chini. Alimtazama mkewe, kisha fundi, nahodha, mlinzi na meneja chini ya mwavuli wake.

"Hilo siwezi, mke wangu, ningekudanganya," alisema. Akawageukia wale watatu, akapandisha sauti ili injini isimzidi. "Asiye na jaketi akae karibu yangu. Nawaahidi, na hawa wote wanasikia: tukianguka, mimi simwachi mtu."