Kinyozi Akanyaga Taa

Kinyozi alitaka jambo moja tu: mama mkwe wake aone kwamba kapata mkwe shupavu. Siku ya kwanza ukweni akakunja suruali, akaingia baharini nyuma ya nyumba, akawa anatembea kwa mikogo kama vile bahari kainunua yeye. Maji yalipomfika magotini, alikanyaga kitu laini. Kile kitu kikajibu.

"Mama yangu weee!"

Alirudi ufukweni kwa mguu mmoja, damu ikimchuruzika kisiginoni. Mkewe akamdaka huku, shemeji yake, fundi umeme, akamdaka kule, wakamburura hadi jikoni, ambako mama mkwe alikuwa anachemsha maji ya chai kwenye birika la umeme. Mkewe akampigia simu nesi wa zahanati, akaweka spika.

"Dada, mume wangu kachomwa na taa!"

"Zimeni umeme haraka!" nesi akafoka. "Na msimguse!"

Shemeji hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitoka mbio, akashusha swichi kuu. Feni ikasimama, birika likanyamaza. Mke naye akamwachia mumewe kama aliyeshika pasi ya moto, na kinyozi akaanguka chali miguuni pa mama mkwe.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Sasa hiyo taa ilikuwa ya chumba gani?" nesi aliuliza.

"Chumba? Ya baharini! Taa samaki, yule mwenye mkia!"

Sauti ya nesi ikawa kama ya mtu anayeuma kitambaa asicheke.

"Basi mguu uloweke kwenye maji ya moto, kiasi anachoweza kuvumilia. Mwingine apime kwanza kwa mkono wake, msije mkamuunguza. Kipande cha mwiba kikiwa kimezama ndani, msikichokonoe. Akitulia, mleteni."

"Umeme!" wote wakapiga kelele.

Shemeji alikuwa nje, analilinda lile boksi la swichi kwa fimbo ya ufagio, anamfukuza kila apitaye. Ilibidi mkewe kinyozi amnyang'anye ufagio ndipo aelewe.

Maji yakachemka, yakachanganywa na ya baridi. Mama mkwe akatia kiwiko kwenye beseni kama anayemwogesha mtoto mchanga, kisha akaushika mguu wa mkwewe kwa mikono yake mwenyewe. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini maumivu yakaanza kulegea, taratibu, na aibu ikalegea nayo.

"Mama, niongezee maji ya moto," akajikuta anasema.

Mama mkwe akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaongeza.

Zahanati walikitoa kipande cha mwiba, wakasafisha jeraha, wakamfunga bendeji. Aliporudi alipewa kochi, mto wa kuegemeza mguu, na amri ya kutosogea. Chakula kilimfuata alipo. Kinyozi hakuwahi kudekezwa hivyo tangu azaliwe.

Mguu ulipopona kabisa, aliendelea kuchechemea.