Mchicha Uliozeeka

Fundi saa alikuwa na ugonjwa mmoja: chochote kilichoacha kufanya kazi, alikitoa. Springi iliyolegea, itoke. Gurudumu lililolika meno, litoke. Ugonjwa huo ulimpa sifa mtaa mzima, kisha siku moja ukamponza kwa bibi yake.

Aliishi na bibi huyo, mama wa mama yake. Meza yake ya kazi ilikuwa barazani, bustani ya bibi ilikuwa nyuma ya jiko. Tangu hajui kufunga vifungo, bibi alimwita "mume wangu". Mume wangu, chai inapoa. Mume wangu, shati gani hilo, unataka niachike? Naye alivimba kichwa kama mwenye nyumba.

Bibi alipolazwa hospitali siku mbili kutolewa mtoto wa jicho, fundi aliamua kumpokea kwa bustani safi. Akapalilia, akapanga mawe. Katikati ya tuta akakuta mchicha mmoja uliompita kimo, majani yamepukutika, kichwa kimekauka na kuinama kama mtu anayesinzia. Akaung'oa, akauburuta uani hadi shimo la taka, akautia moto. Akanawa mikono huku akipiga mluzi.

Bibi alirudi jicho moja limefunikwa. Hata viatu hakuvua. Alikwenda moja kwa moja tutani, akapapasa.

"Mama yao yuko wapi?"

"Mama yao nani, bibi?"

"Mchicha mkubwa."

"Aa, ule uliozeeka! Nimekutolea. Ulikuwa umekufa umesimama."

Bibi akajiketisha juu ya jiwe. Mchicha ule aliuleta marehemu babu, nao ulikuwa na mshipa mwekundu kama uzi katikati ya jani. Tangu azikwe, miaka kumi na mmoja, bibi hakununua mbegu. Kila msimu waliyokula ni majani ya mingine. Mmoja, ulio bora kuliko yote, aliuacha uzeeke kwa raha zake, kisha akaupukuta mbegu.

"Nilikuwa nangoja akauke sawasawa," alisema. Akainuka. "Haya. Asante, Fundi."

Fundi! Kama mteja aliyeleta saa ya ukutani. Afadhali angemtukana.

Asubuhi aliamshwa na sauti ya fagio. Akatoka mbio, kifua wazi.

"Bibi, usifagie!"

"Umeingiwa na wazimu?"

"Niliuburuta hapa. Kichwa kilikuwa kikavu, lazima kilimwaga mbegu njia nzima."

Uchafu uani ulimuumiza bibi kama jino bovu. Alitazama majani makavu, akatazama mfereji uliochorwa na shina mchangani. Akaegemeza fagio ukutani.

"Majirani wakinisema, utawajibu wewe, Fundi."

Siku ya nne mvua ikanyesha. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kazi, fundi alipiga magoti kwenye ule mfereji, lenzi yake ya saa imebanwa jichoni. Aliona mchanga. Kesho yake, mchanga. Akaanza kuulaani.

"Unaukodolea macho kama askari," bibi alimwambia kutoka kwenye kigoda. "Hata ningekuwa mbegu mimi, nisingetoka."

Akacheka bila kupenda, na alipolegea akaanza kuona. Sisimizi watatu wakigombana na mguu wa panzi. Tone la mvua lililokataa kukauka chini ya jani. Punje nyeusi iliyopasuka, ndani nyeupe. Wateja walikuta kiti kitupu na mwenye kiti anatambaa uani.

"Fundi, saa yangu je?"

"Ipo, inakungoja. Na wewe ingoje."

Siku ya tisa vikatokeza vijiti, vyembamba kama mshale wa sekunde. Magugu, magugu, magugu. Kisha, karibu na shimo la taka, kimoja chenye majani madogo kuliko ukucha wa mtoto, na katikati yake uzi mwekundu. Fundi alikimbilia kigodani. Alimshika bibi mkono, akamsaidia kupiga magoti, akamwekea lenzi kwenye jicho lile jipya.

Bibi alikaa hapo hadi magoti yakalia.

"Ndiye," alinong'ona. "Ndiye yeye, mwekundu wake." Akapangusa shavu. "Lete maji, Fundi."

Bado Fundi. Akaleta maji. Kiburi hakikumruhusu kuomba lile neno.

Ilipotimia miche kumi na saba, waliihamishia tutani, wao wawili, wakisogezeana udongo. Wakachuma, wakala. Mmoja hawakuugusa. Ukarefuka, ukatoa kichwa, majani yakapukutika, ukaanza kuinama. Fundi akauegemeza kwa mti, akaufunga kamba.

Ndipo jirani, mshona viatu, alipochungulia juu ya ua.

"Nyie, hilo kapi mmeliwekea nini? Ling'oeni!"

Fundi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Shika adabu yako! Huyo ni mke wangu! Ukimtia mkono, tutajuana leo!"

Mshona viatu alitoweka. Nyuma yake fundi akasikia kigoda kikitikisika. Bibi alikuwa anacheka hadi khanga imemdondoka begani.

"Haya, mume wangu," alisema. "Hata mke mwenza unaniletea bila kuniuliza?"

Fundi hakugeuka. Alijifanya anakaza kamba ya ule mti. Vidole vilivyozoea springi nyembamba kama unywele vilishindwa na fundo moja tu, akafunga, akafungua, akafunga tena.