Kiswahili cha Amri

Mzee Arvids, mwenye nyumba wetu pale Tottenham, alikuwa na Kiswahili cha amri tupu. Alizaliwa Latvia, akafika London akiwa baharia, na vita ya Hitla ilipozuka akajiunga na jeshi la Waingereza. Wakamtia kwa askari wa Afrika Mashariki, akawa sajini wao mpaka Burma. Vita ilipokwisha, nchi yake ilikuwa imeshamezwa na Urusi. Akabaki na medali tatu na maneno ishirini hivi: simama, geuka, kimbia, ingia.

Mimi Mwanabaraka, mtu wa Unguja, nilipanga chumba cha juu. Siku ya kwanza alinifokea "Ingia!" nusura nirudi nilikotoka.

"Sema karibu, baba," nikamwambia.

"Ingia!" akarudia, anatabasamu.

Mwaka sabini na mbili wakaja Harish na mkewe, Wahindi waliofukuzwa Uganda, wana sanduku moja. Nyumba nne zilikuwa zimeshawafungia mlango siku ile. Mzee aliposikia Kampala, Kiingereza akakitupa. Harish naye Kiswahili chake kilikuwa cha kumwamrisha mpishi.

"Wewe simama!" alisema mzee.

"Wewe onyesha chumba!" alijibu Harish.

Nilikuwa ngazini, nacheka mbavu sina.

Mara wakaja majirani watatu na karatasi. Mtaa mzima umetia saini, walisema, Waasia wasipewe vyumba.

"Tia saini, Arvids. Wewe mwenzetu, ulipigana vita."

"Na nikikataa?"

"Basi na wewe ni mgeni tu."

Kicheko kiliniisha. Mke wa Harish alikuwa ameshainama kulishika sanduku, na hasira zikanipanda.

"Mgeni nimekuwa tangu mwaka thelathini na tano," alisema mzee. "Mlipotaka mtu wa kwenda Burma, karatasi hii hamkuniletea."

Akajinyoosha, kifua mbele. "Nyuma geuka!"

Kiswahili hawakukijua. Lakini mmoja wao, lazima alipitia jeshini, aliisikia sauti ile ya sajini akageuka kabla hajafikiri. Wenzake wakamfuata, wanatukana.

Mzee akawageukia wageni. "Ingia!"

Mke wa Harish akanitazama, hajui kama anakaribishwa au anafukuzwa. Karibu yangu ilikuwa mdomoni tayari, nikaimeza. Karibu walishaambiwa sana Kampala, na bado wakatolewa.

"Mmemsikia sajini," nikasema, nikalinyakua sanduku. "Ingieni. Hiyo ni amri."