Sekunde Arobaini

Pale shirika la maji vijana walimwita Bibi Arobaini, na wengi walidhani ni kwa sababu ya miaka aliyofanya kazi. Wapi! Miaka ilikuwa thelathini na minne. Jina lilitokana na programu aliyoiandika mwenyewe, ile iliyofungua na kufunga koki kubwa za mji mzima. Kila ilipofunga koki moja, ilikaa kimya sekunde arobaini kabla ya kufungua nyingine. Ilikaa hivyo mahali kumi na saba, na juu ya kila mstari wa kusubiri Bibi alikuwa ameandika maelezo ya kusomwa na binadamu, ambayo kompyuta huyaruka: "Subiri arobaini. Maji yatulie kwanza. Nilisahau hili, na mume wangu akapoteza mkono wa kulia. Usifute."

Mkuu wa Mifumo aliyafuta yote kumi na saba.

Huyo Mkuu, kabla hamjaanza kumhurumia, mjue kazi alifundishwa na Bibi huyohuyo. Alikuja mbichi kabisa, cheti mkononi na kichwani hamna kitu, na Bibi akamketisha kando ya meza yake miaka miwili. Akamfundisha kama alivyofundishwa yeye, enzi ambazo kompyuta ilikuwa moja kwa jengo zima na zamu yako ni mara moja kwa siku. Andika kwa kalamu kwanza. Kisha soma ulichoandika, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, ujifanye wewe ndiye mashine. Ukikosea alama moja, utangoja hadi kesho. Watu wa enzi hizo hawakuwa malaika, ila kukosea kuliwauma, basi wakawa wanasoma. Kijana yule alikula kwa Bibi Jumapili nyingi tu, akimwita mama, na aliyekuwa akimmiminia chai ni mume wa Bibi, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia uliishia kwenye kiwiko. Kisa cha mkono huo alisimuliwa palepale mezani, mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo asije mtu akaniambia hakujua.

Kisa chenyewe ni hiki. Zamani, programu mpya ilipoachiwa maji kwa mara ya kwanza, aliyeiandika alishuka chumba cha koki akashika gurudumu la koki kuu kwa mkono wake. Unaiamini kazi yako? Kaisimamie. Siku ya Bibi ilipofika alikuwa mjamzito wa miezi saba na ngazi zilikuwa zimelowa, hivyo mumewe, fundi bomba, akashuka badala yake. Bibi alikuwa amesahau kuyapa maji muda wa kutulia. Koki moja ikafunga, nyingine ikafunguka papo hapo, maji yakarudi kwa nguvu zote na gurudumu likazunguka na mkono wa mtu. Mumewe hakumlaumu hata siku moja. Bibi ndiye aliyejilaumu, mara kumi na saba, kwa maandishi.

Basi miaka ikaenda. Zikaja zama za kunakili mtandaoni, mtu anabandika jibu la mtu asiyemjua na kuomba litembee. Ikaja akili mnemba, na hata kubandika kukaonekana ni kazi ya punda. Ofisini meza ziliondolewa, vikaletwa viti vya magunia laini ambavyo ukikaa hunyanyuki bila kushikwa mkono. Kila asubuhi mkutano wa kusimama, kila mtu anaitwa "familia", na kijana anajisifu kwamba programu nzima imeandikwa kabla chai yake haijapoa. Ukimwuliza mstari wa tatu unafanya nini, anakutazama kama umemtukana mzazi wake.

Kwenye mkutano mmoja kama huo Mkuu aliirusha programu ya Bibi ukutani kwa projekta.

"Familia, oneni maajabu," alisema. "Mashine inalishwa umeme ili ikae bure sekunde arobaini. Mara kumi na saba."

Walicheka hadi mbavu zikawauma. Bibi alikuwa ameketi nyuma kabisa.

"Na hizi hadithi za mume wa mtu," Mkuu akaendelea, "programu safi haihitaji hadithi. Akili mnemba imeisoma, imesema mistari hii haina kazi."

Akabonyeza mara moja. Maelezo yote yakatoka ukutani, na mistari ya kusubiri nayo ikatoka, na watu wakapiga makofi. Hakuishia hapo. Akafuta na nakala zote za nyuma, eti waanze ukurasa mpya, na kompyuta ya zamani akaiuza chuma chakavu. Mwezi uliofuata Bibi akastaafishwa, akapewa kikombe chenye nembo ya shirika. Alikipokea, akashukuru, akaenda nacho nyumbani akakiweka chini ya sinki kushikia sabuni ya vyombo.

"Atakiona cha mtema kuni," alimwambia mumewe.

"Ulimwambia lakini?"

Alikuwa amemwambia. Alimwandikia barua pepe ndefu, akaeleza kila kitu, na kabla hajavua miwani jibu likaingia: "Asante sana kwa mchango wako wenye thamani. Maoni yako yamepokelewa na yatazingatiwa ipasavyo." Bibi alicheka peke yake. Kijana yule hajawahi kutamka "ipasavyo" tangu azaliwe. Mashine ndiyo iliyojibu, na huenda mashine ndiyo iliyosoma. Hakuandika tena. Namba ya simu alikuwa nayo, na hakupiga. Hapo siwezi kumtetea. Alitaka mabomba yapasuke, tena mbele ya watu, na siku ya uzinduzi wa programu iliyosafishwa aliizungushia duara kwenye kalenda ya jikoni.

Mumewe aliliona lile duara. Alingoja wamalize kula.

"Siku hiyo chumba cha koki atakuwamo nani?" aliuliza.

Bibi alianza kukusanya sahani.

"Bosi wako hatashuka, hiyo najua. Watashuka mafundi." Akaweka kiwiko chake juu ya meza, kile kisicho na kitu mbele yake. "Mimi sikukulaumu, mama watoto. Lakini usije ukamfanyia hivi fundi mwenzangu."

Bibi aliona aibu, na hasira haikupungua hata punje. Vyote viwili vilikaa pamoja kifuani. Kesho yake akampigia simu msimamizi wa mafundi, mtu wa umri wake, waliyeanza naye kazi.

"Siku ya uzinduzi, chumbani asikanyage mtu," alimwambia.

"Kuna nini?"

"Wape kazi ya kupaka spana grisi. Zote."

Msimamizi hakuuliza tena. Alikuwapo siku ya mkono.

Uzinduzi ulikuwa saa nne asubuhi. Wageni walikaa chini ya hema, Mkurugenzi akatoa hotuba, Mkuu akabonyeza kitufe. Hakuna aliyeshuka kusimamia lolote. Programu walikuwa wameijaribu kwenye kompyuta tu, na mle ndani maji hayana uzito. Saa nne na dakika mbili kukasikika mshindo chini ya ofisi, sakafu ikatikisika, kisha maji yakapanda ngazi za chumba cha koki yakaingia ofisini bila hodi. Viti vya magunia vikaelea. Mafundi walikuwa stoo, wazima wote, mikono myeusi kwa grisi.

Gari lilipofika kwa Bibi, alikuwa anachambua mchele. Dereva akamwambia anaitwa haraka. Bibi akamaliza sinia lote, akarudia pembeni palipobaki vijiwe, akanawa, ndipo akapanda kiti na kushusha juu ya kabati bunda la karatasi pana zenye matundu pembeni. Ilikuwa programu yake nzima, aliyoichapa miaka hiyo na kuihifadhi kama cheti cha ndoa.

Ofisini maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Mkurugenzi alikuwa amekunja suruali, viatu mkononi. Mafundi walikuwa chini wakibadilisha bomba lililopasuka. Mkuu akamkimbilia.

"Mama, tusaidie."

"Leo nimekuwa mama," Bibi alisema, akavuta kiti cha mbao kilichobaki, akaketi. Kibodi hakuigusa. "Kaa. Uandike."

"Niiambie akili mnemba iweke, ni sekunde mbili tu."

"Si ndiyo iliyosema haina kazi? Andika."

"Basi niandike mmoja, ninakili kumi na sita."

"Kumi na saba. Kwa vidole vyako."

Mkuu akamtazama Mkurugenzi. "Fanya anavyosema," Mkurugenzi akamwambia, na maji yakimchezea miguuni.

Bibi akafungua karatasi, akaweka kidole mahali pa kwanza, akaanza kusomesha kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Subiri arobaini. Maji yatulie kwanza. Nilifuta hili, na nilikuwa nimesimuliwa. Usifute. Weka jina lako."

Vidole vya Mkuu vilisimama. "Mama, watu watasoma."

"Ndiyo kazi yake."

Akaandika. Mara ya pili akaandika. Vijana waliovunjika mbavu siku ile walikuwa wamesimama majini, wanasoma kwenye ukuta uleule, kwa projekta ileile. Mara ya tano masikio ya Mkuu yalikuwa yameiva. Bibi alisikia raha, raha tupu, kama ya maji baridi baada ya jua, na hakujisumbua kuificha. Mara ya tisa ilikuwa ya koki kuu, ile iliyokula mkono. Mkuu, jasho likimwingia machoni, maelezo aliyaandika sawa, ila kwenye mstari wenyewe, ule ambao mashine huutii, akaandika nne. Sifuri ilibaki kidoleni.

Bibi aliiona. Akahamisha kidole chake kwenye mahali pa kumi, akaendelea kusoma kwa sauti ileile.

Walipomaliza, msimamizi alipanda kusema bomba liko tayari. Mkurugenzi akauliza nani atashuka.

"Aliyeandika," Bibi alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Mkuu akatazama huku na huku na hakuona wa kumtetea. Akavua saa, akaenda hadi kwenye ngazi, akashuka vidato viwili. Pale akasimama. Aligeuka, na uso wake ulikuwa ule wa mwaka wa kwanza, alipokuwa akileta karatasi zake zisahihishwe.

"Mama. Iko sawa?"

Bibi alikuwa anakunja karatasi. Alikunja moja, akakunja ya pili. Akakiona tena akilini kile kiwiko juu ya meza ya jikoni.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Umesoma ulichoandika?"

Mkuu akapanda. Akakaa mbele ya kompyuta, akaweka kidole juu ya kioo, akaanza kusoma mstari kwa mstari, midomo ikimtembea, kama alivyofundishwa. Kidole kilipofika mahali pa tisa kikasimama. Kisha akamwinamia Bibi, akasema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia.

"Ulikuwa umeiona."

"Niliiona."

"Ungeniacha nishuke?"

Bibi akafunga bunda lake kwa kamba, mafundo mawili.

"Ongeza sifuri," alisema. "Kisha ushuke."

Alishuka. Programu ikawashwa, koki moja ikafunga, na kutoka chini ofisi nzima ikasikia mtu mzima akihesabu kwa sauti inayotetemeka. Kumi. Ishirini. Hakuna aliyecheka. Alipofika arobaini maji yakapita bombani, taratibu, na Bibi akaomba gari limrudishe.

Nyumbani mumewe alikuwa mlangoni.

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Hata yeye?"

"Ameshuka, amehesabu, amepanda."

Mumewe akacheka, akaingia jikoni, akamimina chai kwa mkono wa kushoto. Bibi alikipokea kikombe kwa mikono yake miwili, akamsimulia yote, hadi viti vilivyoelea. Habari ya ile sifuri hakuitaja.