Filamu ya Kuvunja Mbavu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, saa kumi na robo alasiri, kwenye onyesho la kwanza la ile filamu ya watoto watatu wa miaka kumi na miwili wanaotukana kama makuli. Bango mlangoni lilisema: ITAWAVUNJA MBAVU. Chini yake, kwa herufi ndogo: Watu wazima tu. Kwa sheria hiyo, wale watoto wenyewe wasingeruhusiwa kuingia kujitazama.

Mchana Tiketi, mzee anayechana tiketi za wanaoingia, alikuwa amesimama mahali pake, kando ya pazia. Mtoto wa kwanza alitoa neno lisilo saizi ya mdomo wake, ukumbi ukacheka, na mbavu zikavunjika. Ka! Ka! Ka! Kama kuni kavu. Fundi cherehani wa safu ya tatu alivunjika mbili. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa akisema, "Uchafu mtupu! Wazazi wao wako wapi?" naye kicheko kilimponyoka, akavunjika mmoja.

"Nawe umo, mwalimu," jirani yake alimwambia, akitema damu kwenye leso.

"Mimi nimecheka kwa hasira, bwana."

Hakuna aliyeondoka. Walilia kwa maumivu, mtoto akatukana tena, wakacheka tena.

Filamu ilipofika pale watoto wanapomfungia jirani yao chooni, ubavu wa kinyozi mmoja ulimtoboa pafu. Mchana Tiketi alimbeba mgongoni hadi mlango wa nyuma, maana zahanati iko upande huo, ng'ambo ya barabara. Mlango ulikuwa na mnyororo na kufuli, vilevile kama mwaka juzi, moshi ulipojaa ukumbini na mke wake, mfagiaji wa pale, akafa akiugonga kwa mpini wa fagio. Wakubwa waliunda tume. Tume ilikunywa chai. Mdogo akikosea ni mzembe. Mkubwa akikosea ni kazi ya Mungu.

"Bosi, fungua. Mtu anakufa."

Meneja alikuwa ameshika ubavu wake mwenyewe. "Nikifungua hapo, wahuni wataingia bure. Mzungushe mbele, mzee wangu."

Mbele kulikuwa na foleni ya onyesho la pili. Kinyozi alikata roho kwenye ngazi, meno nje. Watu walimpisha.

"Kwani inachekesha kiasi hicho?" mama mmoja aliuliza.

"Si unamwona mwenyewe?"

Kufikia Ijumaa walikuja wamejifunga mashuka vifuani. Muuguzi alitandika mkeka karibu na dirisha la tiketi akauza bendeji; kufa kufaana. Waliokufa walikuwa sita, na wote walitolewa kwa mlango wa mbele.

Jumamosi mchana serikali ilileta mkaguzi. Aliitazama filamu hadi mwisho, akavunjika nne, akaandika ripoti akiwa amelazwa kwenye benchi: Hakuna mtoto aliyeonekana ukumbini. Filamu ni salama.

"Na mlango wa nyuma, mkubwa?" Mchana Tiketi aliuliza.

"Nimeukagua. Umefungwa imara."

Mchana Tiketi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wa mke wake, na ubavu wake wa chini ulikatika bila kelele nyingi. Alipabana kwa kiganja, akamwinamia mkaguzi, akauliza taratibu kama mtu anayeulizia njia:

"Sawa, mkubwa. Lakini ufunguo wenyewe anao nani?"