Kinu cha Siku ya Saba

Marehemu Fundi Rizq alizisikiliza redio kwa meno. Masikio yalipoanza kumtupa mkono, aliiuma bisibisi, ncha yake akaigusisha kwenye sanduku la redio, akafumba macho. "Inanguruma," alikuwa akisema, na kweli ilikuwa inanguruma. Majirani zake wa mji wa Tanta, Misri, walimcheka mpaka wakachoka. Binti yake Inshirah aliona haya, akausomea udaktari wa masikio kwa bidii ya mtu anayekimbia harufu ya lehemu.

Harufu haikumwacha. Hospitalini wenzake walipomwona akifungua vifaa vibovu kwa bisibisi ileile, walimbandika jina: Fundi Redio.

Asubuhi hiyo mezani pake palikuwa na kifaa alichokibuni mwenyewe, kidogo kama kifungo cha koti, kimeshonewa kwenye utepe wa kichwani ili kipitishe sauti kwenye mfupa. Vilivyotangulia vilipiga mluzi vikafa. Mbele yake Tahani, mtoto wa miaka miwili, alikaa mapajani pa mama yake, Sabah. Kwa nje masikio yake yalikuwa mazuri. Ndani, njia ya sauti ilizibwa na mfupa tangu tumboni. Upasuaji ungesubiri akue, lakini lugha haisubiri. Kifaa hiki kikishindwa, maneno yangempita mtoto huyu.

"Siku ya saba tangu azaliwe tulimlaza kwenye ungo," alisema Hajati Tafida, mama mkwe wa Sabah, "nikampigia kinu cha shaba sikioni kama desturi, ili azoee kelele. Kalala fofofo! Nikasema huyu kanirithi, hana papara. Tukapiga vigelegele, daktari. Vigelegele!"

"Na ulimwambiaje?" Sabah alimchokoza. "'Msikilize bibi yako, usimsikilize mama yako.' Ndiyo maana akaziba masikio!"

Hajati alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Akafungua kifurushi chake kizito. Kilikuwa kinu kilekile; alitaka kumpigia tena.

Inshirah alikuwa na mashine zake za kupimia usikivu, akataka kukataa. Akaitazama bisibisi ya babake pale mezani.

"Haya. Lakini taratibu, Hajati."

Alimfunga mtoto utepe, kifungo kikatulia kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mchi ukagusa ukingo wa kinu.

Tahani aliacha kunyonya kidole. Akatazama dari, akatazama mlango, mdomo ukapinda, akaangua kilio.

"Tahani," Sabah alisema, akimwinamia. "Ni mimi, mwanangu. Ni mama."

Kilio kikakatika. Mtoto akageuka, akaweka kiganja chake juu ya midomo ya mama yake, akakiacha hapohapo akingoja.

"Msikilize mama yako," Hajati alinong'ona huku akilia waziwazi. "Mama yako kwanza, Tahani. Sisi wengine tutapanga foleni." Akamgeukia Inshirah. "Mungu amrehemu aliyekuzaa, daktari."

Dua hiyo Inshirah alikuwa ameisikia kwa wagonjwa wengi, akiipokea kama mtu apokeavyo salamu za njiani. Leo aliisikia ikimtaja babake. Shukrani ilimjaa kifuani, wala hakuwa na wa kumkabidhi.

Basi akaichukua bisibisi, akaiuma kwa meno, ncha yake akaigusisha kwenye kinu, akafumba macho. Kwa mkono akamwashiria Hajati apige tena.