Salfeti ya Ishirini na Mbili

Mdogo wangu Aurelia alifundisha Kiingereza miaka kumi na minne katika sekondari moja ya kata, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka kwetu Katindiuka. Karatasi za manila alizijaribu mwaka wa kwanza tu. Aliporudi kutoka likizo alikuta mchwa wamezila zote, zimebaki kamba za kuning'inizia. Mwaka wa pili akaja kwangu kuomba salfeti tupu, yale magunia meupe ya plastiki ya kutilia mpunga.

Mtu mwingine angezipasua. Yeye alizifua, akazianika, akaniambia nimtengenezee fremu ya mbao yenye miguu, halafu akawa anaivisha fremu ile salfeti kama mtu anavyomvalisha mtoto shati. Kila salfeti ilikuwa na pande mbili. Mbele ya moja aliandika kwa rangi ya mafuta sentensi kumi zenye makosa, nyuma sentensi hizo hizo zikiwa zimenyooka. Nyingine ilikuwa na barua rasmi, anuani mahali pake na sahihi mahali pake. Nyingine ilikuwa na mchoro wa hadithi inavyopanda kama kichuguu na kushuka. Shuleni kitabu kimoja kilisomwa na watoto tisa, lakini salfeti ilisomwa na darasa zima, hata waliokaa nyuma kabisa.

Akishamaliza kuzitumia alizigeuza ndani nje ili rangi isikwaruzwe, akazikunja na kuzileta kwangu, kwa kuwa nyumba ya mwalimu ilikuwa inavuja. Ndani ya stoo yangu zilionekana kama salfeti za mtu yeyote. Kila moja ilikuwa na namba pembeni, ndogo, nyekundu, aliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito.

Ya ishirini na mbili aliiandika mwezi wa nne, akiwa tayari anaumwa figo na amehamia kwangu. Hakuweza kusimama muda mrefu. Mimi nilikaa mbele yake kwenye kigoda nikiivuta salfeti kwa pembe mbili, na yeye aliandika akiwa amekaa kitandani. Tulifanya hivyo asubuhi mbili.

"Hii ni ya ushairi, kaka," alisema. "Nimetunga mwenyewe. Nataka kidato cha nne wasome shairi moja lenye mpunga ndani."

"Sawa."

"Umelisoma?"

"Nitalisoma likikauka."

Lilipokauka alikuwa amezidiwa, nikamkimbiza hospitali. Aliyeigeuza salfeti ile na kuipeleka stoo ni mimi. Niliigeuza haraka, nikaikunja juu ya zile nyingine, nikatoka.

Aurelia alifariki tarehe kumi na moja ya mwezi wa tano. Tulimzika karibu na baba na mama. Wanafunzi wake walikuja kwa miguu, na Mwalimu Fridolin, aliyefundisha naye somo hilo hilo, alisoma wasifu wake mpaka sauti ikamkatika, mwingine akamalizia.

Matanga yalipokwisha mpunga ulikuwa umeiva kupita kiasi. Mpunga haujui msiba. Vibarua wakaingia shambani, wakakata, wakapiga, wakapepeta, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza nikiwaangalia kama ninaangalia shamba la jirani. Siku ya tatu mmoja akanijia.

"Mzee, salfeti zimepelea. Zingine ziko wapi?"

"Ziko stoo," nikasema. "Chukueni."

Sikusema zaidi ya hapo. Jioni Mwinyimvua, mfanyabiashara wa mpunga tunayemuuzia siku zote, alileta lori lake, wakapakia, likaondoka. Niliona magunia yakipita mbele yangu mgongoni mwa watu, yameshonwa vizuri midomo, wala sikuona kitu.

Baada ya wiki moja Mwalimu Fridolin alikuja na msichana mmoja wa kidato cha nne aitwaye Kija, kila mmoja na baiskeli yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Karibuni."

"Tumefuata zile salfeti. Marehemu alisema zibaki shuleni. Mimi sasa ndiye ninayeshika darasa lake." Akafungua daftari la maandalio ya masomo la Aurelia, akanionyesha mahali. "Nyingine naweza kuzikisia, lakini hii ya ushairi siwezi. Hapa kote ameandika tu: tazama salfeti namba ishirini na mbili. Shairi lenyewe halimo humu. Nimepekua makaratasi yake yote ya ofisini."

"Hata hapa nyumbani hakuacha karatasi," nikasema. "Alitunga papo hapo, ananiuliza maswali huku anaandika."

"Basi liko kwenye salfeti tu."

Nikainuka kwenda stoo. Nilipofungua mlango na kuona pembe ile iko tupu, imefagiliwa, ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe ikisema chukueni. Nilisimama mle ndani muda ambao mgeni anaweza kuuona ni mrefu. Kisha nikatoka.

"Nafikiri zimehamishwa wakati wa msiba," nikasema. "Rudini tu. Nitazileta mwenyewe."

Kija alinitazama. Mwalimu alisema ahsante.

Kesho yake nilikwenda Ifakara mjini, kwenye ghala la Mwinyimvua. Alinipa mkono, akanipa pole tena, akaniagizia chai. Nilipomweleza akaweka kikombe chini.

"Kumbe ndiyo ile rangi! Mzee Kelestini, mpunga wako ulinitia aibu mashineni. Mwenye mashine amenipigia simu, anasema mchele umetoka na magamba ya rangi, ya bluu na nyeusi. Nikamwambia labda wameuanika juu ya bati lililopakwa rangi."

Nilijua maana yake. Rangi ilikuwa ndani, na mpunga ulikuwa umesuguana nayo njia nzima.

Alimwita mpakiaji wake, kijana mwenye mabega mapana aitwaye Mahmoud, akamwambia anisaidie kutafuta.

"Tunatafuta gunia la namna gani, mzee?" Mahmoud aliuliza.

"Lina maandishi ya Kizungu."

Alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Jamani, mzee anatafuta gunia lenye Kizungu! Mzee wangu, humu yote ni Wazungu watupu. Tazama hili, la mbolea. Lile la sukari. Hili sijui la kuku. Chagua unayemtaka!"

"Mahmoud," Mwinyimvua akamwambia, "mzee ametoka kuzika."

Mahmoud akaacha kucheka. Akapanda juu ya rundo la magunia matupu, akaanza kuyatupa chini moja moja, na mimi nikawa naligeuza kila moja na kutafuta namba pembeni. Tulifanya hivyo mpaka adhuhuri. Tulipata kumi na nne. Ya barua rasmi ilikuwa nzima. Ya kichuguu cha hadithi ilikuwa imebaki mwanzo na mwisho, kilele kimebanduka. Nyingine nilizijua kwa mwandiko wake tu, ile herufi yake ya kwanza yenye mkia mrefu.

Ya ishirini na mbili haikuwepo.

"Matupu mengine nimempa mama mmoja wa Mkula, anauza mkaa barabarani," Mwinyimvua alisema. "Anaitwa Anifa. Lori linakwenda huko kesho. Panda nalo, hapana nauli."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijaribu kukumbuka mstari mmoja. Nilikumbuka mkono wake, jinsi ulivyokuwa umevimba, na brashi aliyoikata ikawa fupi ili asichoke kuishika. Nilikumbuka harufu ya rangi. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, nina cheti, na Kiingereza cha kusomea mistari ile nilikuwa nacho.

Mkula tulifika kabla jua halijawa kali. Anifa alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kanga mbili, magunia yake ya mkaa yamepangwa kando ya barabara kama watu waliokaa foleni. Pembeni yake alikuwa na meza ya maharage na nyanya.

"Shikamoo baba. Mkaa?"

"Marahaba, mama. Nimetoka Ifakara, nimetumwa na Mwinyimvua. Natafuta salfeti alizokupa."

"Ananidai?"

"Hapana. Moja ni ya marehemu mdogo wangu."

Nilimweleza yote, hata lile neno nililowaambia vibarua. Sijui kwa nini nilimwambia yeye kabla ya kumwambia mwalimu. Pengine kwa sababu alikuwa mgeni. Alisikiliza huku anapanga nyanya, kisha akaacha kupanga.

"Pole, baba. Pole sana." Akaanza kuyapita magunia yake, anachungulia. Mawili aliyaona mara moja, akamwaga mkaa chini bila mimi kuomba. Yalikuwa meusi ndani, lakini namba zilionekana: ya tisa na ya kumi na saba.

"Nyingine zimekwenda na madereva," alisema. "Ila hiyo unayosema, ilikuwa na mistari mifupi mifupi?"

"Ndiyo."

"Naikumbuka. Nilisema hawa watu wanapoteza rangi, hata hawajafika ukingoni wanarudi mwanzo."

"Ndiyo hiyo. Iko wapi?"

Alikwenda kwenye meza yake, akainua maharage yaliyokuwa yametandazwa, akavuta kitambaa kilichokuwa chini yake, akakikung'uta na kunipa.

Ilikuwa salfeti, nyeupe. Niliigeuza. Upande wa pili nao ulikuwa mweupe.

"Rangi ilikuwa inagandia maharage," Anifa alisema taratibu. "Nikaisugua kwa mchanga na majivu. Siku nzima nilisugua, baba, maana ilikuwa imeshika kweli kweli. Laiti ningejua."

Pembeni ilibaki namba, nyekundu, ishirini na mbili. Wino ule mzito haukutoka.

"Hukuisoma hata kidogo?" nilimuuliza.

"Mimi? Kizungu? Baba, mimi niliishia la saba."

Hakukuwa na lawama katika swali langu, lakini nilijuta kuliuliza. Nikamshukuru. Alikataa kulipwa chochote kwa mkaa uliomwagika, akanifungia salfeti tatu kwa kamba ya katani, na ile nyeupe akaizungushia gazeti kwanza ili isichafuliwe na zile mbili. Nilipomwona anavyoitunza, nikageuka pembeni.

Jumatatu nilikwenda shuleni. Mwalimu Fridolin alikuwa darasani. Alinikaribisha ndani, wanafunzi wakasimama, wakaniamkia wote kwa pamoja, wakakaa. Niliziweka salfeti juu ya meza yake. Yeye akaanza kuzigeuza moja moja, na kila iliyotokea wanafunzi walinong'ona, wanaijua. Kwa ile ya sentensi zenye makosa mmoja alisema kwa sauti, "Hiyo ilinitesa hiyo!" wakacheka, kisha wakanyamaza wenyewe.

Alipofika kwenye ile nyeupe aliigeuza mara mbili. Akaona namba. Akaniangalia.

Nilikuwa nimepanga kumwambia nje, sisi wawili. Lakini watoto wale walikuwa wamemzika pamoja nami. Nikasema pale pale.

"Hazikuhamishwa, mwalimu. Nilikudanganya. Nilizitoa mimi zitiwe mpunga. Ya ushairi imesuguliwa, haina kitu tena. Aliyeisugua hana kosa."

Mwalimu aliikunja salfeti taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja nguo ya mtu mwingine.

Kija akanyoosha mkono. "Mzee, samahani. Siku ile ulisema alikuwa anakuuliza maswali huku anaandika. Kwa hiyo ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilimshikia."

"Sasa lilikuwa linasemaje?"

Ningeweza kuwatungia. Mto, mpunga, mvua. Wangeandika, na nani angejua?

"Sikulisoma," nikasema.

"Hata mstari mmoja?" mvulana mmoja wa nyuma aliuliza. Hakuwa ananisuta. Alitaka kujua tu.

"Hata mmoja. Nilikuwa nimeshika pembe mbili, natazama nje ya dirisha nione kama ndege wameshuka kwenye mpunga. Aliniuliza kama nimelisoma, nikamwambia baadaye."

Kija hakukaa. "Na hayo maswali aliyokuuliza?"

Nikafikiri. "Aliniuliza mtumbwi wa baba yetu ulipakwa rangi gani. Nikamwambia haukupakwa rangi, ulikuwa mti tu. Akacheka kidogo, akaandika."

"Akaandika nini?"

"Sijui, mwanangu."

Akaandika hilo kwenye daftari lake, la mtumbwi usio na rangi, akakaa. Mwalimu Fridolin akanishika bega, akanisindikiza mpaka mlangoni. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mtihani uko karibu na ushairi hauwezi kungoja, kwa hiyo atatumia mashairi ya kitabuni.

Nilikwenda kuichukua baiskeli yangu ukutani, chini ya dirisha. Ndani nilisikia madawati yakiburutwa, watoto wanajikusanya tisa tisa kwenye kitabu kimoja. Kisha wakaanza kusoma kwa sauti, wote pamoja. Kiingereza changu kimechakaa, lakini nilisimama nikasikiliza kila neno mpaka mwisho, na mengi niliyaelewa. Lilikuwa shairi la theluji. Walipomaliza, msichana mmoja aliuliza kitu nisichokisikia vizuri, na Mwalimu Fridolin akaanza kuwaeleza theluji ni nini.